Mtoto wako na usaili wa kazi Japani: Maandalizi yaanzie Mbeya na Iringa

Si jambo geni tena katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini kusikia kwamba kijana wa mtaa wa pili amekwenda kusoma Japani. Huenda alihitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au alipitia Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kule Iringa, kisha akapata ufadhili wa Serikali ya Japani. Siku ya kuagana ndugu hukusanyika, wazee hutoa nasaha, na wengi huondoka wakiamini kwamba mzigo umekwisha kutuliwa. Ndugu msomaji, makala haya yanakuomba uutazame mzigo huo kwa mara ya pili, maana sehemu yake iliyo nzito bado haijabebwa.

Wapo vijana ambao, masomo yanapokaribia kwisha, hutamani kuajiriwa kwanza huko huko kwa miaka kadhaa ili wapate ujuzi wa kiwandani na ofisini ambao darasa haliwezi kuutoa. Hilo ni jambo jema. Lakini hapo ndipo wanapokutana na utaratibu wa kuajiri usiofanana na wetu hata kidogo. Sisi tumezoea kwamba mtu huhitimu, huchukua cheti chake, hutazama matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huomba, kisha hungoja kuitwa kwenye usaili. Japani mwanafunzi hutafuta kazi akiwa angali darasani, na yule anayengoja cheti kwanza hukuta wenzake wa rika lake wamekwisha pewa nafasi.

KALENDA HAIMNGOJI MTU

Mwaka wa masomo wa Japani huanza mwezi Aprili na kumalizika mwezi Machi. Makampuni mengi makubwa huajiri wahitimu wapya kwa mkupuo mmoja, nao wote huanza kazi siku moja, yaani Aprili 1. Tuchukue mfano wa kijana anayeanza shahada ya uzamili ya miaka miwili mwezi Aprili 2026, ambaye atahitimu Machi 2028. Kwa utaratibu unaofuatwa huko, makampuni hufungua rasmi milango ya maombi Machi 1 ya mwaka unaotangulia ule wa kuhitimu, ndiyo kusema Machi 2027. Usaili huanza rasmi Juni 1, na ahadi rasmi ya ajira, ambayo Wajapani huiita naitei, hutolewa kuanzia Oktoba 1. Nimesema "rasmi" kwa makusudi, kwa sababu makampuni mengi hayangoji tarehe hizo. Huwaita wanafunzi kwenye mafunzo mafupi ya kazi katika likizo ya kiangazi ya mwaka wa kwanza, kati ya Julai na Septemba, na huko ndiko wanakoanza kuwatambua wale wanaowataka.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Kijana ametua Aprili. Hajazoea bado vijiti vya kulia chakula, hajajua treni ipi inakwenda wapi, na ndani ya miezi mitatu minne wenzake wa Kijapani wameanza kuhangaikia ajira. Ndiyo sababu maandalizi hayawezi kungoja mpaka afike. Anayepata kwanza muda wa kujifunza lugha, kama wafanyavyo wengi wanaokwenda kwa ufadhili wa Wizara ya Elimu ya Japani, ana nafuu kidogo, na nafuu hiyo huyeyuka haraka asipoitumia.

Lugha yenyewe haina budi kutajwa bila kuficha. Yapo makampuni yanayosaili kwa Kiingereza, hususan katika kazi za kompyuta na utafiti, lakini ni machache. Mtihani wa kupima Kijapani una ngazi tano, kuanzia N5 ambayo ni ya wanaoanza hadi N1 ambayo ni ya juu kabisa, na makampuni mengi hutaka angalau N2. Kwa bahati njema matamshi ya Kijapani hayampi Mswahili taabu kubwa, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Taabu iko katika maandishi, na katika ile lugha ya heshima iitwayo keigo, ambamo kitenzi hubadilika kulingana na yule unayesema naye. Hata hilo mtu wa kwetu asiliogope kupita kiasi. Aliyefunzwa tangu utotoni kwamba mzee hasalimiwi kama rafiki wa mpirani, na aliyepiga goti akisema "kamwene" mbele ya bibi yake kule Kalenga, amekwisha elewa maana ya keigo. Kilichobaki ni kuyakariri maneno yake.

MAHOJIANO YA KWANZA NI YA DAR ES SALAAM

Kabla ya kumfikia mwajiri wa Tokyo au Osaka, kijana hupita kwanza kwa wale wanaotoa ufadhili. Kwa ufadhili wa Wizara ya Elimu unaopitia ubalozini, karatasi huchujwa, kisha huwapo mtihani wa kuandika, kisha mahojiano ubalozini Dar es Salaam. Upo pia mpango unaojulikana kama ABE, uliotangazwa mwaka 2013 katika mkutano wa tano wa TICAD mjini Yokohama, ambao kwa kuanzia ulikusudia kuwapa vijana 1,000 wa Afrika, katika miaka mitano, masomo ya uzamili pamoja na mafunzo ya kazi katika makampuni ya Kijapani. Lengo la mpango huu ni kupata watu watakaokuwa kiungo cha biashara baina ya Japani na Afrika, na kila anayeomba hana budi kulikumbuka lengo hilo anapojieleza.

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na kutoka Iringa ni karibu 500. Yeyote anayeifahamu barabara ile ya malori, na milima ya Kitonga pale roli moja linapoharibika kwenye kona, hatasafiri usiku wa kuamkia mahojiano. Afike siku mbili kabla. Nauli ya kulala nje ni ndogo kuliko hasara ya kufika umechelewa.

Faida kubwa ya mahojiano haya ni kwamba maswali yake ni yale yale yatakayorudi baadaye kwa sura nyingine. Kwa nini Japani, wala si China au Uingereza? Umefanya nini mpaka sasa? Utafanya nini baadaye? Kijana aliyeyajibu kwa kubahatisha mara ya kwanza, akapenya, asidhani kwamba atapenya tena.

"KWA NINI KAMPUNI YETU?"

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, huwaangusha wengi kuliko uhaba wa lugha. Inafaa ieleweke kwamba mwajiri wa Kijapani anapomchukua mhitimu mpya hanunui shahada. Anamchukua mtu ambaye bado ni mbichi, akitarajia kumfunza kwa miaka, kumhamisha idara hii hadi ile, na kukaa naye. Kwa hiyo hutaka kujua wewe ni mtu wa namna gani na kwa nini umemchagua yeye. Mwanafunzi huandika majibu hayo kwanza katika fomu ndefu ya maombi, hufanya mtihani wa haraka wa lugha na hesabu (hesabu zenyewe ni za asilimia, mwendo na umbali, lakini muda ni mfupi mno), halafu huitwa kusailiwa mara mbili, tatu, hata nne. Mara ya kwanza huenda akawekwa pamoja na wenzake mbele ya maofisa wa utumishi. Baadaye hukutana na wakuu wa idara. Mwisho kabisa na wakurugenzi wenyewe. Swali la "kwa nini kampuni yetu" huulizwa katika kila hatua, na jibu huandikwa. Likigeuka geuka, wataona.

Jibu la kawaida la kijana asiyejiandaa ni hili: "Kampuni yenu ni kubwa, ina sifa duniani, na mimi ni mchapakazi." Hakuna uongo humo, wala hakuna kitu. Maneno hayo hayo yangeweza kusemwa mbele ya kampuni yoyote, na hata na mtu ambaye hajapata kuiona bidhaa yake moja.

Sasa tumtazame kijana aliyekulia Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, ambaye anaomba kazi katika kampuni ya zana za kilimo. Kampuni kama Kubota, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1890, ni jina analolifahamu mkulima wa Rujewa. Kijana huyu ameona pawatila ikizama katika tope zito, ameona mkanda ukikatika katikati ya msimu na mwenye mashine akisafiri hadi Mbeya mjini kutafuta kipuri, akakosa, akafungia kamba. Aseme hivyo! Aseme ni siku ngapi shamba lilisimama, ni nani aliyepata hasara, na ni kitu gani angependa kujifunza ndani ya kampuni ili kipuri hicho kifike Rujewa kwa wakati. Hapo msaili ataweka kalamu chini na kuuliza swali la pili, na la tatu, kwa kuwa ameelezwa jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa Tokyo angeweza kumweleza.

Mfano mwingine uko katika kahawa. Nchini Japani kahawa ya arabika inayotoka Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Kwa hiyo hata kahawa ya Mbozi, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, inaweza kunywewa Osaka kwa jina la mlima ulio mbali nayo kabisa, upande wa pili wa nchi. Msaili mwenye mvi huenda ameinywa tangu ujana wake. Kijana wa Mbozi anayeomba kazi katika kampuni ya biashara anaweza kumfungulia mzee huyo ulimwengu mpya: jinsi buni zinavyochumwa zikiwa nyekundu, zinavyomenywa kwa mashine ya mkono, zinavyooshwa na kuanikwa juu ya vichanja, na mkulima anavyongoja malipo yake. Haya si mambo ya kutafuta kwenye vitabu, bali yako nyumbani. Lakini kijana ambaye miaka yote aliyaona kuwa mambo ya shamba yasiyomhusu msomi, atayakosa siku ya haja.

Lipo pia swali linalohusu jambo ulilolifanyia bidii ulipokuwa mwanafunzi. Hapa vijana wetu huona haya. Tumewalea tukiwaambia wasijisifu, nao wakiulizwa walichofanya husema "tulijitahidi". Msaili anataka kujua wewe ulifanya nini katika hiyo "tulijitahidi". Si lazima liwe jambo kubwa. Binti wa Ilula ambaye wakati wa likizo za chuo alianza kuandika katika daftari idadi ya matenga ya nyanya ya mama yake, mangapi yaliuzwa, mangapi yaliozea barabarani na kwa nini, halafu akamshauri mama abadili siku za kuvuna na hasara ikapungua, huyo ana jibu bora kuliko aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi bila kazi ya kuonyesha. Aeleze tatizo, alichofikiri, alichofanya, kilichotokea. Kusema kweli si kujisifu, na Wajapani nao hawapendi majigambo; mtu anayeeleza kazi yake kwa sauti ya kawaida huwapendeza.

SAA, SUTI NA MLANGO

Mambo ya adabu yameandikwa sana na yanajifunzika kwa wiki moja, hivyo sitayarefusha. Suti nyeusi au ya buluu iliyokoza, shati jeupe, viatu vilivyong'arishwa, nywele zilizotulia. Mafundi wazuri wa suti tunao hapa hapa Mwanjelwa, wala hakuna haja ya kuinunua kwa yeni. Koti la baridi huvuliwa nje kabla ya kuingia katika jengo. Mlango hugongwa mara tatu, na msailiwa haketi mpaka aambiwe aketi. Mkoba huwekwa sakafuni kando ya kiti. Anainama anapoingia na anapotoka. Huu usafi wa mwenendo hutazamwa tangu mapokezi, wala haungoji chumba cha usaili.

Kuhusu saa, hata hivyo, kuna mtego unaowahusu Waswahili. Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane kama Wazungu, na saa yao ya 10 asubuhi, wanayoiita juji, ndiyo saa 4 yetu. Kijana anayepokea simu kwa haraka na kuandika "saa 10" katika daftari lake, kisha akaisoma kesho yake kwa Kiswahili, atafika jioni, saa sita nzima baadaye, wakati wasaili wamekwisha kwenda zao. Aandike kwa tarakimu za saa 24, na arudie kwa sauti alichosikia. Afike mtaani nusu saa kabla, lakini ajitokeze mapokezi dakika tano hadi kumi tu kabla ya wakati. Kuwahi mno nako ni kuwasumbua wenyeji. Treni ikichelewa, kampuni ya reli hutoa hati ya kuthibitisha kuchelewa huko, na hati hiyo huheshimiwa. Hata hivyo kupiga simu mapema ndiko kunakomwokoa mtu.

Katika karatasi ya wasifu, ambayo hubandikwa picha ya sentimeta 3 kwa 4, shule huandikwa kwa mfuatano, mwaka na mwezi. Mjapani akiona miezi mitupu kati ya shule moja na nyingine ataiuliza. Vijana wetu wana miezi hiyo: humaliza kidato cha sita mwezi Mei na kuingia chuo kikuu Oktoba au Novemba, na wengine kati ya hapo huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Huko kwao hakuna jambo kama hilo. Aeleze kwa sentensi mbili kwamba ni mafunzo ya taifa, alilala wapi, alilima nini, aliamka saa ngapi. Limewahi kuonekana kuwa pengo, lakini likielezwa vizuri linageuka kuwa sifa.

Kwa mabinti zetu niongeze neno moja. Serikali ya Japani imewaelekeza waajiri wasiulize mambo ya familia, mahali pa asili wala dini katika usaili. Hata hivyo wapo wanaouliza. Binti akiulizwa ataolewa lini, si lazima afungue moyo wake wote. Ajibu kwa ufupi na upole kwamba amekuja kuzungumzia kazi na kwamba kazi ameikusudia, kisha arudi kwenye hoja yake.

KIKAO CHA UKOO KABLA YA KIKAO CHA WASAILI

Sasa nageukia wazazi, maana kuna swali ambalo kijana hawezi kulijibu peke yake. Ataulizwa: "Unakusudia kukaa Japani miaka mingapi? Utarudi kwenu lini?" Akijibu kwamba atakaa miaka miwili kisha arudi, mwajiri anayetaka kumfunza kwa muda mrefu atamweka kando. Akijibu kwamba atakaa maisha yote, hataaminika, na huenda mwenyewe anajua kwamba baba yake anamngoja aje kusimamia nyumba. Kijana anayebabaika hapa mara nyingi habahatishi lugha. Hajui kweli jibu lake, kwa sababu nyumbani halijapata kuzungumzwa.

Basi lizungumzwe. Kaeni chini, baba, mama, wajomba na shangazi, kabla hajapanda ndege au hata kwa simu akiwa kule, mkubaliane ni miaka mingapi familia inaweza kumwachia, ni nani atamtunza bibi, ni nani atamlipia ada mdogo wake. Kijana ambaye kwao kumetulia anaweza kusema kwa uso mkavu: "Nataka kufanya kazi nanyi miaka kumi, nijifunze, na baada ya hapo ningependa kuisimamia kazi yenu Afrika Mashariki." Jibu la namna hiyo lina maana kwa kampuni, na lina maana kwa wazee wa Tukuyu. Kwa aliyepelekwa na mpango wenye sharti la kurejea, au aliyeruhusiwa na mwajiri wake kwa muda maalumu, jibu ni jingine kabisa: aheshimu alichotia saini, na aelekeze macho yake kwa makampuni ya Kijapani yanayofanya kazi katika nchi zetu.

Jambo la pili ni fedha. Mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali anaruhusiwa kufanya vibarua saa 28 tu kwa wiki katika muhula. Posho ya ufadhili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa yeni 144,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamili wa Wizara ya Elimu, huonekana nyingi ikigeuzwa shilingi, lakini chumba, chakula na treni huimaliza huko huko. Kila wiki nyumbani kukipigwa simu ya bati, ya mbolea, ya msiba na ya harusi, kijana atavuka saa 28 usiku usiku katika jikoni la mgahawa. Siku atakapoomba kubadili kibali cha mwanafunzi kuwa cha kazi, idara ya uhamiaji inaweza kuikagua rekodi yake na kumkatalia, hata kama kampuni imekwisha mkubali. Ndugu msomaji, bati linaweza kungoja. Kati ya Machi na Juni ya mwaka ule wa usaili, mwacheni apumue.

Nanyi mnapompigia, kumbukeni kwamba wao wako mbele yetu kwa saa sita. Ukimpigia saa 2 usiku baada ya taarifa ya habari, kwake ni saa 8 usiku, na huenda asubuhi ana usaili. Saa 7 hadi saa 9 mchana wetu ni jioni yake njema.

La tatu ni uvumi. Mwezi Agosti 2025, katika mkutano wa TICAD uliofanyika Yokohama, shirika la JICA liliutaja mji wa Nagai, katika Mkoa wa Yamagata, kuwa mji rafiki wa Tanzania. Zikasambaa habari za uongo kana kwamba mji huo umetolewa kwetu na watu wetu watahamia. Wananchi wa huko wakashtuka, na mwezi Septemba mpango ukafutwa. Kijana wa Kitanzania anayesailiwa baada ya hapo anaweza kukuta msaili aliyesoma habari hizo. Huku kwetu nako, uvumi wa namna hiyo ndio unaowanenepesha wajanja wanaodai fedha mkononi ili "wakutafutie kazi Japani". Ufadhili wa serikali ya Japani hautozi ada ya maombi, wala usaili wa kazi hauuzwi. Anayekudai fedha kwa ajili ya mambo hayo, mpelekee polisi badala ya kumpelekea fedha.

BAADA YA SWALI LA MWISHO

Usaili wa Kijapani karibu kila mara humalizika kwa msaili kuuliza: "Je, una swali lolote?" Kusema "sina" ni kosa, kwani huonyesha kwamba hujaifikiria kazi. Kuuliza mshahara na likizo katika hatua ya kwanza nako si vizuri, ingawa katika hatua za mwisho ni haki yako. Kijana aandae maswali matatu. Mathalan: mwajiriwa mpya hufanya nini katika mwaka wake wa kwanza? Je, wapo wageni katika idara hiyo, na ni jambo gani limewapa taabu? Ni kitu gani anachoweza kujisomea kati ya sasa na Aprili?

Asipopata nafasi kabla ya kuhitimu, bado si mwisho. Kwa barua ya chuo chake anaweza kuomba kibali cha kubaki miezi sita akitafuta kazi, na kibali hicho huweza kuongezwa mara moja, yaani mwaka mmoja kwa jumla. Vyuo vina ofisi za ajira, ambazo wageni wengi hawazitembelei, na serikali ina vituo vya kazi vijulikanavyo kama Hello Work, vyenye huduma kwa wageni katika miji mikubwa. Wapo pia maofisa wa chuo wanaokubali kufanya usaili wa majaribio na mwanafunzi, bila malipo, mara nyingi atakavyo.

Na akiipata ile naitei, asitupe daftari lake. Bado atahitaji kuhitimu kweli, kubadili kibali kabla ya Aprili 1, kutafuta chumba kipya, na mdhamini wa chumba hicho. Kampuni nyingi husaidia katika hayo zikiombwa mapema, tangu vuli, na barua ya kuomba msaada huo huandikwa kwa keigo.